NIELS FINSEN, MCHUMIA JUANI

Hapa Lodwar jua halibishi hodi. Saa tatu asubuhi mchanga umeshaanza kuchoma nyayo, na ifikapo saa sita hata mbuzi wanagombania kivuli cha mgunga. Ukipanda gari kwenda Kakuma ndiyo kabisa, unafika umekauka kama samaki wa ziwani. Basi mwalimu mlezi wa chama alipotuagiza tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu walikimbilia wafalme na wanasiasa. Mimi nimemchagua daktari aliyeona kuwa mwanga wa jua ni dawa.

Nina sababu. Darasani yuko mwenzetu kutoka Kakuma aliyezaliwa na alama kubwa shavuni, rangi yake kama zambarau iliyoiva. Wengine husema ni laana, wengine eti mama yake alimchoma na taa. Siku hizi anaketi nyuma kabisa, shavu ameligeuzia ukutani. Nilipoanza kusoma habari za alama ile, nikakutana na jina la Niels Ryberg Finsen.

Finsen alizaliwa tarehe 15 Desemba 1860 katika visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmaki. Huko ni kaskazini ya mbali, baridi tupu, na wakati wa kipupwe jua huchungulia saa chache tu kisha likatoweka. Mtoto huyo hakuwa bingwa wa darasa, jamani. Shule moja ya Denmaki ilimwona ana moyo mwema lakini akili nzito. Baba yake akamhamishia Aislandi, alikomaliza masomo akiwa na umri wa miaka 21, akawa wa 11 kati ya wanafunzi 15. Nyinyi mnaoshika mkia, mnasikia?

Mwaka 1882 aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea udaktari, akahitimu 1890. Lakini akiwa bado chuoni, maradhi yalimwingia. Ini, moyo na wengu viliharibika polepole, tumbo likawa linajaa maji, na nguvu zikamwisha. Chumba chake kilikuwa upande usiopata jua. Kila alipoota jua aliona mwili unachangamka kidogo. Inasimuliwa pia kwamba alimtazama paka mmoja aliyelala juani. Kivuli kilipomfikia, paka akasogea. Kivuli kikamfuata, naye akasogea tena. Finsen akajiuliza: kuna nini katika mwanga ambacho hata mnyama anakijua?

Mwaka 1893 alianza kutoa maandishi juu ya mwanga na ngozi. Alionyesha kwamba si joto la jua linalobabua ngozi bali ni miale ya buluu, ya urujuani na ile isiyoonekana kwa macho iitwayo urujuanimno. Akafikiri kwamba ikiwa miale hiyo ina nguvu ya kudhuru, huenda pia ina nguvu ya kuponya.

Enzi hizo Ulaya ilisumbuliwa na kifua kikuu cha ngozi. Ugonjwa huo ulikula pua, midomo na mashavu, hata watu wakajificha majumbani kwa aibu. Mwaka 1895 Finsen alimtibu mhandisi mmoja aliyekuwa ameugua miaka mingi bila nafuu. Alimmulika usoni kwa taa kali ya umeme, na vidonda vikaanza kukauka. Mwaka 1896 taasisi yake ya tiba ya mwanga ilifunguliwa Copenhagen. Miaka michache baadaye ilikuwa imetibu wagonjwa zaidi ya 800 wa ugonjwa huo, na wengi wao walipona.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Finsen aligundua kwamba damu inauzuia mwanga. Aliweka karatasi ya kupigia picha nyuma ya sikio la mtu, akalimulika kwa mbele. Wapi! Karatasi haikubadilika. Alipolibana sikio kwa vioo viwili hadi damu ikakimbia, karatasi ikawa nyeusi upesi. Basi akawa anaikandamiza ngozi ya wagonjwa kwa lenzi ili damu iondoke na mwanga upenye. Kwake damu ilikuwa kizuizi.

Desemba 1903 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuweza kwenda kuipokea kwa kuwa alikuwa hoi. Sehemu kubwa ya fedha hizo aliitoa kwa ajili ya taasisi yake na wagonjwa wengine. Tarehe 24 Septemba 1904 alifariki, umri wake miaka 43 tu, akamwacha mjane na watoto. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, lakini yeye alichuma juani, wakala wengine.

Dawa za viuavijasumu zilipokuja, taa zake ziliwekwa kando. Lakini somo la sikio halikufa. Mwaka 1960, Theodore Maiman wa Marekani aliwasha leza ya kwanza, yaani mwanga wa rangi moja uliokusanywa pamoja. Mwaka 1983 madaktari Rox Anderson na John Parrish walieleza jinsi ya kukigeuza kile kizuizi cha Finsen kuwa shabaha. Mwanga wa manjano, wenye mawimbi ya nanomita 585 hivi, unanyonywa na damu nyekundu. Ukipigwa kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, mshipa mdogo unapata joto na kuziba, na ngozi ya jirani inasalimika. Mwili hufagia mabaki kwa wiki kadhaa. Ndivyo wanavyotibiwa watu wenye vimishipa vinavyoonekana usoni, na watoto wenye alama za kuzaliwa kama ya mwenzetu. Alama ile ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka, basi. Si laana, wala si taa.

Sitaki kudanganya mtu. Tiba hiyo hurudiwa mara nyingi, ni ghali, na mara nyingine alama hufifia tu bila kuisha. Tena ngozi yetu nyeusi ina melanini nyingi, nayo pia hunyonya mwanga. Fundi asiyeijua anaweza kukuunguza au kukuachia mabaka. Kutoka huku mpaka Nairobi kwenye mashine hizo ni safari ndefu na nauli si mchezo. Lakini afadhali kungoja daktari wa ngozi kuliko kupaka krimu za sokoni, ambazo haziifikii ile mishipa na huharibu ngozi.

Mpenzi msomaji, mgonjwa aliyekuwa wa 11 kati ya 15 aliwarudisha watu barazani kutoka vyumba walimojificha. Sisi hatuna leza, lakini dawati la mbele lipo. Jumatatu nitamwambia mwenzangu aje tukae pamoja, karibu na dirisha, penye mwanga.