Paul Ehrlich na Dawa Inayojua Njia

Sisi wa masomo ya Kiislamu tukitajiwa matabibu wakubwa, twawakumbuka mara moja Ibn Sina na al-Razi. Leo namleta mtu asiyekuwa Muislamu, kwa sababu swali alilolibeba maisha yake yote liliwagusa pia watu wa maziwa yetu.

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika familia ya Kiyahudi, mji wa Strehlen, ambao leo umo nchini Poland. Tangu akisomea udaktari alivutiwa na rangi za kutilia nguo. Aliona kwamba rangi fulani hushika aina moja ya seli na kuziacha nyingine. Basi akajiuliza: ikiwa rangi huchagua mahali pa kushika, kwa nini dawa isichague? Mwaka 1891 aliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya buluu ya methileni, wakapata nafuu. Tangu hapo alitafuta dawa iliyo kama risasi yenye kumlenga adui peke yake, bila kumjeruhi mwenye mwili. Mwaka 1908 alipata tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili.

Miaka hiyohiyo malale yalikuwa yakimaliza watu kandokando ya maziwa makuu. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch aliwatibu wagonjwa katika visiwa vya Sese, Uganda, kwa sindano za atoksili, dawa yenye aseniki. Vijidudu vilipungua katika damu, lakini dozi zilipoongezwa baadhi ya wagonjwa walipofuka, wasione tena. Wajerumani walifungua kambi za malale kando ya Ziwa Tanganyika pia, hadi Imbo yetu. Wagonjwa wengi walitoroka kambi, nami siwalaumu.

Mwaka 1907, katika maabara yake ya Frankfurt, Ehrlich na mwenzake Alfred Bertheim walionyesha muundo wa kweli wa atoksili. Kisha wakaanza kuibadili, mchanganyiko baada ya mchanganyiko, na baadhi ya dawa hizo zilijaribiwa kwa wagonjwa wa Kiafrika chini ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 1909 Sahachiro Hata, mtafiti kutoka Japani, aligundua kwamba ile namba 606 inatibu kaswende. Ikauzwa mwaka uliofuata kwa jina la Salvarsan. Iliponya wengi, nayo ikawa na madhara yake. Ehrlich alifariki tarehe 20 Agosti 1915, risasi yake ikiwa bado haijakamilika.

Hatua nyingine ilitokea Uingereza miaka ya 1960. Alec Bangham aligundua kwamba mafuta ya aina inayojenga utando wa seli, yakitiwa majini, hujifunga yenyewe yakawa vifuko vidogo mno. Huitwa liposomu. Dawa huwekwa ndani, ikasafiri bila kugusa kila kiungo. Amfoterisini B, inayojulikana kwa kuumiza figo, ikifungwa hivyo hupunguza madhara, na leo hutumika kutibu kalaazari Afrika Mashariki. Baadhi ya chanjo za Korona nazo zilibebwa na chembe za mafuta. Sasa watafiti wanatia vimeng'enya ndani ya vifuko hivyo ili viige seli hai na kutoa dawa panapohitajika tu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo bado iko maabarani.

Katika fiqhi tunasoma kwamba kuzuia madhara hutangulia kuleta manufaa. Ehrlich aliitafuta kanuni hiyo ndani ya dawa yenyewe. Kwenye kambi haikufuatwa: mgonjwa hakuulizwa, na macho yake yakawa gharama ya majaribio. Kifuko cha mafuta chaweza kuilinda figo, lakini hakiwezi kuilinda haki ya mgonjwa. Hiyo ni amana yetu sisi, hasa wenzetu wanaosomea udaktari. Dawa mpya zikiletwa kujaribiwa kwetu, mgonjwa wa Imbo aelezwe kwa lugha yake, na akikataa, akubaliwe.