Wallace, Mtu Aliyempisha Mwenzake

Katika mila zetu mdogo humpisha mkubwa njiani, wala hahesabu kuwa amepoteza kitu. Lakini kumpisha mtu katika sifa ni jambo jingine, na hizi ni habari za mtu aliyeliweza.

Alfred Russel Wallace alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 huko Usk, katika nchi ya Wales. Wazazi wake hawakuwa na mali, hata ikambidi aache shule kabla ya kutimiza miaka 15, akaenda kupima ardhi pamoja na kaka yake. Mwaka 1848 alisafiri mpaka mto Amazon kukusanya wadudu na ndege, akiwauza apate riziki. Alipokuwa akirudi mwaka 1852 merikebu ilishika moto baharini. Karibu vyote alivyokuwa navyo vikateketea, na yeye na mabaharia wakakaa siku 10 mashuani kabla ya kuokolewa. Mwingine angekoma. Yeye mwaka 1854 akaenda visiwa vya Malay, akakaa miaka 8.

Huko, mapema mwaka 1858, alishikwa na homa. Akiwa kitandani likamjia wazo jinsi aina mpya za viumbe zinavyotokea: katika kila kizazi wengi hufa, nao wanaosalia ni wale wanaofaa zaidi mahali pao, na hao huzaa walio kama wao. Akaandika upesi, akampelekea Charles Darwin, mtu aliyemzidi umri kwa karibu miaka 14 na ambaye alimheshimu sana. Hakujua kwamba Darwin alikuwa na wazo lile lile, naye amelifanyia kazi miaka ipatayo 20 bila kulichapisha.

Darwin alifadhaika. Rafiki zake wakaamua maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja mjini London, tarehe 1 Julai 1858, ya Darwin yakitangulia. Wallace alikuwa mbali, wala hakuulizwa. Mimi naona kutoulizwa kunauma kuliko kushindwa. Lakini habari zilipomfikia hakunung'unika. Aliona kuwa Darwin ndiye aliyetangulia, na ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi. Kitabu chake cha safari cha mwaka 1869 alimtunukia Darwin, na kile cha mwaka 1889 juu ya wazo lao akakiita Darwinism, kwa jina la mwenzake.

Tusidhani kwamba alikuwa mtu wa kuitikia kila neno. Katika habari ya akili ya binadamu alimpinga Darwin waziwazi, na Darwin akasikitika, lakini urafiki haukuvunjika. Wallace alipopungukiwa fedha, Darwin alihangaika mpaka mwaka 1881 serikali ikampa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Mwaka uliofuata Darwin alifariki, na Wallace akawa mmoja wa waliochukua jeneza lake katika kanisa la Westminster Abbey.

Wallace alifariki tarehe 7 Novemba 1913, mwenye umri wa miaka 90. Mwaka 1915 picha yake ya kuchonga iliwekwa katika kanisa lile lile.