Fundo alilolihisi Henrietta Lacks

Kama wewe ni mama wa Konde, au una mke, dada au binti, nakuomba usome habari ya mwanamke huyu.

Henrietta Lacks alizaliwa mwaka 1920 huko Virginia, Marekani. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na babu yake na kufanya kazi katika mashamba ya tumbaku. Aliolewa, akahamia karibu na Baltimore, akazaa watoto watano.

Alihisi fundo ndani ya mwili, kisha akatokwa na damu isiyo ya hedhi. Januari 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins, akakutwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alitibiwa kwa radiamu, lakini saratani ilisambaa. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1951, akiwa na miaka 31.

Madaktari walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumwomba ruhusa. Seli zake zikaendelea kuzaliana maabara, zikasaidia hata kutengeneza chanjo ya polio. Familia yake haikujua kwa zaidi ya miaka 20. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Ujerumani walikuta ndani ya seli hizo kirusi cha HPV aina ya 18.

Kirusi hiki hupatikana kwa kujamiiana. Mke aliyetulia nyumbani anaweza kukipata kwa mumewe, basi kukutwa nacho si ushahidi wa uasherati. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Kikibaki miaka mingi, kinaweza kuleta saratani. Hatari huongezeka kwa mwenye VVU, anayevuta sigara, aliyeanza kujamiiana mapema, aliyezaa mara nyingi, au ambaye yeye au mwenzi wake amekuwa na wapenzi wengi.

Henrietta hakuwa na chanjo wala kipimo cha mapema. Wewe unavyo. Ukifikisha miaka 30, au 25 kama unaishi na VVU, nenda ukapimwe hata kama huumwi. Mzazi, mpeleke binti wa miaka 9 hadi 14 akachanjwe.

Ukiona damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, usingoje. Na ukifika kwa daktari, uliza anachukua nini mwilini mwako na kwa nini. Hiyo ni haki yako, ambayo Henrietta hakupewa.