Don Drummond: Fundi wa tromboni aliyeibeba ska, na usiku uliomaliza kila kitu

Kabla Bob Marley hajawa jina la dunia, Kingston ilikuwa na staa mwingine. Hakuwa anaimba. Hakuwa anaongea sana. Alikuwa anapuliza tromboni, lile tarumbeta refu linalovutwa mbele na nyuma, na akisimama kupiga solo klabu nzima inanyamaza.

Jamaa anaitwa Don Drummond.

Alizaliwa Kingston, Jamaica, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mama alikuwa na hali ngumu, hivyo akiwa mdogo alipelekwa Alpha Boys School, shule ya masista wa Kikatoliki iliyopokea watoto wa maskini na watukutu. Pale kulikuwa na karakana za ufundi, nidhamu kali, na bendi ya matarumbeta.

Bendi hiyo ndiyo iliyozaa nusu ya muziki wa Jamaica. Tommy McCook alitoka hapo, Johnny Moore na Lester Sterling vilevile. Drummond alikuwa mwanafunzi hodari kiasi kwamba baadaye alianza kuwafundisha wenzake, akiwemo Rico Rodriguez ambaye naye aligeuka gwiji.

Alipotoka shuleni alianza kupiga na bendi ya Eric Deans. Hizo zilikuwa bendi kubwa za jazz zilizopiga kwenye kumbi kama Glass Bucket, ambako wenye hela walikuja kucheza dansi wakiwa na suti. Mpiga tromboni akiwa maskini mweusi, anaingia na kutoka kwa mlango wa wafanyakazi. Hata hivyo sifa zake zilivuka bahari, na inasemekana Sarah Vaughan, mwimbaji wa jazz wa Marekani, alimsikia Kingston akamweka kwenye kundi la wapiga tromboni bora duniani.

Sifa ni sifa, lakini hazilipi kodi ya nyumba. Mkwanja ulikuwa studio, na huko nako ulikuwa kiduchu. Maprodyuza kama Coxsone Dodd na Duke Reid walikuwa na mitambo mikubwa ya muziki waliyoifunga mitaani watu wakacheza, na walihitaji nyimbo mpya kila wiki. Mwanamuziki analipwa kwa kibao, anasaini, anaondoka. Kibao kikitamba, faida ni ya mwenye studio. Drummond alitunga vibao vingi kwa mtindo huo.

Ska ilizaliwa katika mazingira hayo, Jamaica ikiwa inaelekea uhuru wa 1962. Gitaa na kinanda vinagonga pale ambapo mguu haukanyagi, ngoma inasukuma, matarumbeta yanapokezana juu. Ni muziki wa furaha. Ila msikilize Drummond vizuri: karibu kila kibao chake kina huzuni ndani, hata kile cha kuchezeka kabisa. Kimoja alikiita Addis Ababa. Kwa Marasta wa Kingston, jina hilo lilikuwa nyumbani.

Maana usiku klabu zikifungwa, wapigaji wengi walipanda vilima vya Wareika, kwenye kambi ya Rasta Count Ossie, wakapiga na ngoma zake mpaka kunakucha. Watu wa mjini waliwaogopa Marasta na polisi waliwasumbua. Drummond alikuwa mmoja wa waliokwenda.

Mwaka 1964 ndio ulikuwa mwaka wao. Mwezi Juni wapigaji bora wa studio waliungana rasmi wakajiita The Skatalites, jina la utani kwa zile setilaiti ambazo dunia ilikuwa inazishangaa. Shoo ya kwanza ilikuwa klabu ya Hi-Hat, Rae Town. Baada ya hapo ilikuwa Bournemouth ufukweni mashariki ya Kingston, Orange Bowl, na kwingineko. Mchana studio, usiku jukwaani. Yaani hao hao waliokuwa nyuma ya waimbaji wengi wa Jamaica redioni, unawakuta usiku klabu ya mtaani wakipiga live.

Serikali nayo iliiona ska inauzika. Mwaka huo huo ilipotaka kuutangaza muziki huo kwenye maonyesho ya dunia New York, ilipeleka bendi ya Byron Lee, vijana wa mitaa ya juu wenye mavazi nadhifu. Wapigaji wa Wareika walibaki nyumbani. Kiukweli hilo ni jambo la aibu hadi leo.

Kuna mtu mwingine hapa, na mara nyingi wanaosimulia humpitia haraka. Anita Mahfood, jina la jukwaani Margarita, alikuwa mcheza rumba maarufu mwenye asili ya Lebanoni. Ni yeye aliyegoma kupanda jukwaa la Ward Theatre mpaka wapiga ngoma wa Count Ossie waruhusiwe. Wenye shoo walikubali shingo upande, umati ukalipuka, na ngoma za Rasta zikapata mlango. Aliondoka kwenye ndoa ya vipigo, akaishi na Drummond.

Drummond alikuwa mgonjwa. Aliwahi kwenda mwenyewe hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bellevue, zaidi ya mara moja, akatibiwa akatoka. Siku nyingine hatokei kwenye shoo, au anatokea halafu hapigi. Wenzake walizoea. Pengine walizoea kupita kiasi, maana akiwa mzima hakuna aliyemfikia.

Mwanzoni kabisa mwa Januari 1965, Margarita alirudi nyumbani usiku wa manane kutoka kucheza klabu. Drummond alimchoma kisu, akafa. Mwenyewe alikwenda kituo cha polisi Rockfort.

Mmoja wa waliomtetea mahakamani alikuwa wakili kijana, P.J. Patterson, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa waziri mkuu wa Jamaica. Drummond alionekana hana akili timamu, akarudishwa Bellevue, safari hii bila ruhusa ya kutoka. Skatalites hawakumaliza mwaka. Agosti 1965 bendi ilivunjika, baada ya miezi kama 14 tu.

Alifia humo tarehe 6 Mei 1969, hata miaka 40 hajafika. Sababu ya kifo ilizua maneno mengi Kingston, na mazishi yake yaliingia vurugu kwa sababu baadhi ya wenzake hawakuamini walichoambiwa.

Wakati huo ska ilikuwa imeshapoa ikawa rocksteady, na rocksteady ikawa reggae. Rico, mwanafunzi wake, alikuwa Uingereza tangu 1961. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vijana wa The Specials walimtafuta, na tromboni ya Alpha ikaingia kwenye klabu za Uingereza. Skatalites waliobaki walirudiana 1983.

Margarita aliacha wimbo alioutunga na kuuimba mwenyewe, Woman a Come, wakati ambapo wanawake wa ska karibu wote waliimba vya wanaume. Wengi wanaamini alimwimbia Drummond. Upo mtandaoni, na sauti yake haijanyooka sana, ila haiogopi.