John Charnley, munganga aliyesafisha hewa ya operesheni

John Charnley alizaliwa 1911 ku Bury, Uingereza. Wengi wanamujua juu ya nyonga za bandia. Miaka ya 1960, ku hospitali ya Wrightington, aliweka nyonga mupya kwa wazee walioshindwa kutembea, na wakatembea tena. Lakini shida ilibaki: kwa wagonjwa 100, karibu 7 walipata usaha ndani, na mara nyingi ilikuwa sherti ile nyonga itolewe.

Vyombo vilikuwa safi. Basi mikrobi zilitoka wapi? Charnley akashuku hewa. Kila mutu anaangusha vipande vidogo vya ngozi, vyenye mikrobi, na vinaweza kufika mpaka ku kidonda. Pamoja na kampuni Howorth, akajenga kichumba ndani ya sali ya operesheni: hewa iliyochujwa inashuka toka juu, inasukuma ile chafu inje. Waganga walivaa nguo zenye mipira ya kunyonya pumzi yao. Akaboresha pia namna ya kushona. Pole pole, usaha ukashuka chini ya mugonjwa 1 kwa 100.

Alikufa 1982. Kwa hiyo, ndani ya sali ya operesheni, feni inayorusha vumbi na mulango unaofunguliwa kila mara si mambo madogo.