Dk. Louis Leakey: Aliyeomba dola 3,000 zilizoanzisha utafiti wa Gombe

MSAFIRI anayetoka mjini Kigoma kwa mashua kuelekea kaskazini, milima ikiwa kuliani na Ziwa Tanganyika kushotoni, hufika Gombe baada ya kilometa zipatazo 16. Utafiti wa sokwe ulioanzishwa huko Julai 1960 umemletea sifa kubwa Jane Goodall. Hata hivyo, aliyebisha hodi kwa mfadhili ni mtu mwingine, Dk. Louis Leakey.

Leakey alizaliwa Agosti 7, 1903, Kabete nchini Kenya, wazazi wake wakiwa wamisionari Waingereza. Alikulia miongoni mwa vijana wa Kikuyu, akaisema lugha yao tangu utotoni. Akiwa mwanafunzi wa Cambridge, mwaka 1924 alifika Tendaguru, Lindi, katika msafara wa kuchimba mifupa ya dinosaria. Mwaka 1931 alianza kazi Olduvai.

Miaka mingi ya kazi hiyo ilikuwa ya kuungaunga fedha. Sifa zake nazo zilitiwa doa katikati ya miaka ya 1930, pale mwanajiolojia Percy Boswell alipokwenda Kenya kukagua madai yake, naye akashindwa kumwonyesha kwa uhakika mahali mifupa aliyoitangaza ilipotoka. Mambo yalibadilika Julai 17, 1959, mkewe Mary alipoliona fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai, na National Geographic Society ya Marekani ikaanza kuwafadhili.

Wakati huo Leakey alikuwa na wazo jingine. Kwa kuwa mabaki ya watu wa kale yalipatikana kwenye kingo za maziwa yaliyokauka, aliamini kwamba sokwe wanaoishi ufukweni mwa ziwa wangesaidia kueleza maisha ya mababu hao. Aliyemchagua kwa kazi hiyo alikuwa katibu muhtasi wake wa zamani, msichana wa miaka 26 asiye na shahada yoyote.

Ombi la namna hiyo lilikuwa gumu kukubalika. Aliyelikubali ni Leighton Wilkie wa Illinois, Marekani, mwenye kiwanda cha mashine za kukatia chuma, ambaye alivutiwa na historia ya zana za binadamu. Mfuko wa hisani wa familia yake ulitoa dola 3,000, zilizotosha miezi sita.

Goodall alifika Kigoma akiwa na mama yake, kwa sababu serikali ya kikoloni haikuruhusu aishi porini bila mwenzi. Mji ulikuwa umejaa Wabelgiji waliokimbia machafuko ya Kongo kwa kuvuka ziwa, hivyo safari ya Gombe ikachelewa. Novemba 1960, fedha zikielekea kwisha, alimwona sokwe akichomeka bua la nyasi katika kichuguu na kuvua mchwa. Ruzuku ya mtengeneza zana ilikuwa imefichua kwamba binadamu si kiumbe pekee mwenye zana.

Leakey aliitumia habari hiyo kupata fedha zaidi kutoka National Geographic, kisha akamfungulia Goodall mlango wa Cambridge, alikopata shahada ya uzamivu bila kupitia shahada ya kwanza. Wilkie naye alimsaidia tena alipomtafutia fedha Dian Fossey, aliyeanza utafiti wa sokwe wa milimani mwaka 1967.

Leakey alifariki London Oktoba 1, 1972. Hakushuhudia mtihani mkubwa wa kazi aliyoiasisi. Mei 1975, waasi kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe, na watafiti wa nje wakalazimika kuondoka. Walioendelea kuwafuata sokwe mlimani na kuandika kumbukumbu zao kila siku walikuwa wenyeji wa Kigoma waliojifunza kazi hiyo papo hapo, nao pia bila shahada.

Goodall alifariki Oktoba 1, 2025, tarehe ileile aliyofariki mlezi wake miaka 53 kabla. Wakati huo, utafiti uliolipiwa miezi sita ulikuwa umepita miaka 65. Kwa mashirika yanayotenga fedha kwa ajili ya elimu ya sayansi, maisha ya Leakey yanaonyesha kwamba penye macho makini na subira, cheti kinaweza kuja baadaye.