Darwin na kiploti cha magugu

Wewe uliyeacha chuo na bado unaulizwa maswali nyumbani, mjue Charles Darwin. Babake, daktari, alimpeleka Edinburgh akasomee udaktari. Upasuaji wa enzi hizo, bila dawa ya usingizi, ulimshinda akatoka. Sawa, baadaye alipata digrii Cambridge, lakini si hiyo iliyompa jina.

Aliporudi kutoka safari ya miaka 5 baharini, alikuwa anaugua kila mara. Mwaka 1842 akahamia kijiji cha Downe, Kent, na bustani ya nyumbani ikawa maabara yake. Mwaka 1857 alisafisha kiploti cha futi 3 kwa 2, akaacha magugu yaote, kila mche akiuwekea alama. Iliota 357. Konokono wasio na gamba na wadudu wakamaliza 295! Hesabu hiyo imo kwenye kitabu chake cha 1859.

Alikuza pia okidi. Lakini mimi nampendea nyungunyungu. Aliwafuga vyunguni, wakapigiwa filimbi, wakapigiwa piano, wapi! Vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe, noti moja tu wakazama shimoni. Kumbe hawasikii, wanahisi mtetemo. Kitabu chao kilitoka 1881. Aprili 1882 akafariki, miaka 73, nyumbani kwake pale pale Downe.